Turubai la mkono na turubai la mota kwenye gari-nyumba: dhana potofu na ukweli

Mzee mmoja wa kwetu, dereva mstaafu wa malori anayeishi Arizona nchini Marekani, aliniita nimsaidie kubadilisha turubai la kivuli lililofungwa ubavuni mwa gari-nyumba lake. Nilipomwamkia na kumuuliza kwa nini anataka kuliondoa lile la mkono ilhali bado ni zima, alinishika bega la kushoto akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Bega kama hili lako, mimi la kwangu haliwezi tena kuvuta. Nataka lile la kubonyeza. Nikishabonyeza, niende zangu." Sababu ya bega ilikuwa ya haki kabisa. Ile ya kubonyeza na kwenda zake ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu nimekuta wenye magari wengi wanaolipia mota kwa matumaini ambayo mota haikuundwa kuyatimiza, na wengine wanaoikataa kwa hofu zisizo na msingi.

Kwanza tuelewane kuhusu vifaa vyenyewe. Turubai la mkono la aina iliyozoeleka Amerika Kaskazini ni kitambaa kilichozungushwa kwenye bomba la chuma chepesi, na ndani ya bomba hilo mna springi zilizokazwa ambazo muda wote zinataka kukirudisha kitambaa nyumbani. Ili kulifungua, mtumiaji hufungua kufuli za safari kwenye mikono miwili, hulegeza vifundo vya nyuma ya mikono hiyo, hugeuza kijiti kilicho mwisho wa bomba kwa fimbo yenye ndoano, kisha huvuta mkanda hadi kitambaa kitoke chote, ndipo akaze vifundo na kuinua mikono upande mmoja baada ya mwingine. La mota halina mzunguko huo wa kazi: mota ndogo ya volti 12 imefichwa ndani ya bomba, mikono inasukumwa nje na springi au shokapu za gesi, na swichi iliyo ndani ya gari huamua kitambaa kitoke au kirudi kwa kubadilisha upande ambao umeme unaingilia kwenye mota.

"Kubadilisha ni kung'oa kila kitu na kununua upya"

Si lazima. Kitambaa hushikiliwa na reli ya alumini iliyofungwa juu ya ukuta, chini kidogo ya paa, na ukingo wa kitambaa wenye kamba nene huteleza ndani ya mfereji wa reli hiyo. Reli ikiwa imenyooka na haijalegea, kwa kawaida hubaki mahali pake, na hilo ni jema, maana kila tundu jipya linalotobolewa karibu na paa ni mlango mwingine wa maji. Kitambaa nacho, kikiwa bado kizima, mara nyingi huweza kuhamishiwa kwenye bomba jipya lenye mota. Kwa hiyo kuna seti za kubadilishia zinazouzwa bila kitambaa, na mwenye gari anayenunua turubai kamili bila kuuliza huenda analipia kitu alicho nacho tayari.

Mahali ambapo fedha hupotea kweli ni kwenye kipimo. Watengenezaji hupima upana wa turubai kutoka katikati ya mkono mmoja hadi katikati ya mkono wa pili, wala si upana wa kitambaa, ambacho daima huwa kifupi kidogo. Mtu anayepima kitambaa chake kisha akaagiza bomba kwa namba hiyo hupokea bomba lisilofika kwenye mikono. Tulipopima la yule mzee tulipima mara mbili, juu na chini, na tukakuta tofauti ya karibu kidole kimoja, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umepinda baada ya kugongwa na tawi. Kama tungelipima juu peke yake, tungelifunga mkono mpya ukiwa mshazari.

Mikono mipya inastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Ule wa zamani ulikanyaga kwenye kishikizo kilichofungwa chini kabisa, kwenye fremu ya sakafu, na sehemu kubwa ya uzito iliishia huko. Mikono ya mota, kutegemea aina, huweza kubeba mzigo wake wote ukutani. Kuta nyingi za magari haya ni tabaka jembamba la faibaglasi juu ya povu, na ndani yake mna nguzo chache za alumini au mbao. Skrubu iliyoingia kwenye povu pekee hushika siku ya kufungwa na kuachia siku ya upepo. Fundi mwangalifu hutafuta nguzo kabla ya kutoboa, na akikosa nguzo mahali panapotakiwa, huongeza bamba la kusambaza mzigo au hukataa kazi. Ukimwona fundi anatoboa bila kugonga ukuta na kusikiliza, mwambie asimame.

"Hatari ya kazi hii ni umeme"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inaelekeza hofu mahali pasipo na hatari na kuiacha hatari yenyewe bila mlinzi. Umeme wa volti 12 hauwezi kumpiga mtu shoti ya kumdhuru anapoushika kwa mikono mikavu. Madhara yake ni joto na moto pale nyaya zinapogusana bila fyuzi, nayo huzuiliwa kwa kukata betri kabla ya kuanza na kufunga fyuzi ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, mara nyingi ampea 15.

Hatari imo ndani ya bomba la zamani. Springi zile zimezungushwa mizunguko mingi na hazilegei kwa sababu tu turubai limekunjwa. Zimezuiliwa na mkono wa turubai wenyewe. Siku anapotokea mtu mwenye bisibisi akaanza kufungua mkono huo bila kulifunga bomba, kichwa cha bomba huzunguka kwa kasi isiyompa nafasi ya kuondoa mkono, na vidole au mfupa wa kiganja huvunjika. Kabla ya kutenganisha mkono na bomba, pini huingizwa kwenye tundu maalumu la kuzuia springi isizunguke, au kichwa hushikwa kwa koleo la kukaza lisiloteleza, kisha mtu mwingine hukilegeza polepole huku akihesabu mizunguko. Sisi tulikuwa watatu juu ya ngazi mbili, na mzee ndiye aliyehesabu kwa sauti. Kila mzunguko ulitoa mlio mkavu ndani ya bomba, na kila mlio ulitukumbusha nguvu iliyokuwa imelala pale kwa miaka yote hiyo. Anayefanya kazi hii peke yake, kwa kufuata video ya dakika tano, anacheza na mkono wake.

"Mota itamaliza betri"

Hesabu yake ni fupi. Mota ikivuta ampea 10 na ikafanya kazi kwa dakika nzima, itakuwa imetumia takriban ampea-saa 0.17. Betri ya makazi, yaani ile inayohudumia vifaa vya ndani ya gari, yenye ampea-saa 100 haitaona tofauti, na paneli ya jua ya wati 100 katika jua kali hurudisha kiasi hicho kwa dakika mbili hivi. Taa iliyosahauliwa usiku kucha hula zaidi.

Tatizo la umeme lililopo ni la nyaya, wala si la betri. Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.3, urefu wa mita 6 kwenda na mita 6 kurudi: kwa ampea 10 utapoteza karibu volti 1.6 njiani. Ukitumia waya wa milimita mraba 3.3 kwa umbali huohuo, upotevu unashuka hadi karibu volti 0.6. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya mota moja ikunje turubai kwa sauti nyororo na nyingine ilalamike katikati ya kazi, hasa asubuhi ambapo betri imeshuka. Nimewahi kuona mota mpya ikirudishwa dukani kuwa ni mbovu, ilhali kosa lilikuwa waya mwembamba uliounganishwa kwenye laini ya taa ya nje kwa sababu ilikuwa karibu. Laini ya mota itoke kwenye sanduku la fyuzi ikiwa peke yake.

"La mota ni imara zaidi, na lina kihisi cha upepo"

Hapa ndipo penye lile neno la mzee, kubonyeza na kwenda zako.

Turubai la mkono la aina niliyoieleza lina jambo moja ambalo ndugu yake wa mota kwa kawaida hana: miguu yake inaweza kutolewa kwenye kile kishikizo cha chini, ikasimamishwa wima chini na kukazwa kwa vigingi kama hema. Mikono ya mota hubaki imeshikamana na ukuta, na kitambaa huelea mbele yake bila nguzo. Kwa hiyo katika upepo wa wastani, lile la zamani lililofungwa vizuri linaweza kustahimili zaidi kuliko jipya la bei kubwa. Ni kweli ngumu kumweleza mtu aliyekwisha kulipa, lakini ni kweli.

Fikiria turubai la mita 5 kwa mita 2.4, yaani mita mraba 12. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukiupiga uso huo moja kwa moja hutoa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 23 hivi. Upepo ukiongezeka maradufu hadi kilomita 40 kwa saa, nguvu haiongezeki maradufu bali mara nne, ikazidi kilo 90. Huko Arizona msimu wa dhoruba za kiangazi huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na alasiri tulivu inaweza kugeuka ukuta wa vumbi kabla chai haijapoa.

Kihisi, yaani kifaa kinachoiamuru mota ikunje turubai upepo ukizidi, husaidia, lakini lazima mtu ajue kinahisi nini. Vingi havipimi kasi ya upepo. Vinapima mtikisiko wa mkono wa turubai. Maana yake ni kwamba kitambaa lazima kwanza kipigwe ndipo amri ya kukunja itolewe, na kukunja huchukua sekunde kadhaa ambazo katika hizo turubai liko wazi nusu, tena katika hali yake dhaifu. Mtu akiwa amezima umeme wa makazi kwa swichi kuu, kama wengi wafanyavyo wanapoondoka, kihisi hakipo kabisa. Ndiyo maana miongozo ya watengenezaji inaonya kwamba turubai lisiachwe wazi bila mtu, liwe na kihisi au lisiwe nacho. Kubonyeza kumerahisishwa ili mtu alikunje mapema na mara nyingi zaidi, hata anapokwenda dukani kwa robo saa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mota, nayo inatosha kuilipia.

"Mvua si tatizo, kitambaa hakipitishi maji"

Kutopitisha maji ndiko kunakoleta tatizo. Dimbwi la mita 2 kwa mita 1 lenye kina cha wastani cha sentimita 5 ni lita 100, yaani kilo 100 zinazoning'inia kwenye mikono miwili. Kwa turubai la mkono, mtu hushusha upande mmoja maji yateremke. Kwenye la mota, aina nyingine zina mikono inayorekebishwa mwinamo kwa mkono, na nyingine huinama zenyewe zikielemewa na kumwaga maji. Ni jambo la kuuliza kabla ya kununua, pamoja na kama mlango wa gari utakwaruza kitambaa kikiwa kimeinamishwa. Usibonyeze swichi ya kukunja dimbwi likiwa juu, kwani mota haikupangiwa kuinua mzigo huo. Na ukilazimika kulikunja likiwa limelowa, lifunguliwe likauke siku hiyohiyo au kesho yake, vinginevyo ukungu utaota ndani ya mikunjo na madoa yake hayatoki.

"Mota ikifa safarini, umekwama"

Hofu hii ina chembe ya ukweli, maana gari haliwezi kuingia barabarani turubai likiwa wazi. Hata hivyo mota nyingi zimetengenezewa njia ya dharura: zipo zinazozungushwa kwa drili au spana kwenye tundu lililo mwisho wa bomba, na zipo ambazo nyaya zake mbili hufikiwa kwa urahisi na kuunganishwa moja kwa moja na betri nyingine. Njia hutofautiana kati ya aina na aina, kwa hiyo ijaribiwe nyumbani mchana kweupe kabla ya safari ya kwanza.

Tulipomaliza kazi, tulichomoa fyuzi kwa makusudi na kumwomba mzee alirudishe turubai bila umeme. Lilimchukua dakika saba kwa drili, mkewe akimwangazia kwa simu ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Kichwa cha drili kinachoingia kwenye tundu lile sasa kimefungwa kwa uzi kwenye mpini wa droo ya vijiko, kwa sababu mama alisema kikiwekwa kwenye sanduku la vifaa vya mzee hakitaonekana tena.