Betri kuisha usiku si lazima iwe imekufa
Hapa Goma, gari la zamani likikataa kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Mara nyingi ni pesa ya bure: betri ni nzima, ila kuna kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Chomoa waya wa hasi, unganisha multimita (kipimo cha umeme) iliyowekwa kwenye ampea 10 kati ya waya huo na betri, funga milango, subiri nusu saa. Usipige stata wakati huo, utaunguza kipimo! Namba kwenye kipimo ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mimi hushuku kwanza redio iliyofungwa baadaye na taa ya buti isiyozimika. Namba isiposhuka kabisa, kagua altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka; diodi yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikiwa mbovu hunyonya kimyakimya.