Filamu ya kejeli ya vita ni nini?

Ni filamu inayochekesha ili kuanika upuuzi wa wanaoamuru vita na wa taratibu wanazozitii. Si kila kichekesho chenye wanajeshi kinaingia humo. Askari mzembe anayejikwaa kwenye gwaride anachekesha tu, na filamu ikiisha jeshi limebaki na heshima yake yote. Kejeli humwendea mwenye madaraka. Huichukua mantiki yake kama alivyoieleza mwenyewe, kisha ikamwacha aifuate mpaka inakoishia.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1964 Vita Baridi ikiwa imepamba moto. Jenerali mmoja wa Marekani, anayeamini kwamba wakomunisti wanawachafulia watu maji ya kunywa, anaagiza ndege zake zikaupige Umoja wa Kisovieti kwa mabomu ya nyuklia. Herufi za siri za kuzirudisha anazijua yeye peke yake. Rais anahangaika kwa simu na mwenzake wa Moscow, na hapo inabainika kuwa Wasovieti wana mtambo utakaoangamiza dunia wakishambuliwa, ambao hata wao hawawezi kuuzima. Kazi ya mtambo ni kumtisha adui asithubutu, ila adui hakuambiwa kwamba upo. Walikuwa wakisubiri siku nzuri ya kuutangaza. Utacheka, lakini jambo hilo halikuzuliwa hivihivi. Kuzuia vita kwa kutishiana maangamizi ndiyo sera iliyokuwa ikijadiliwa kwa uzito na wataalamu wenye suti na tai.

Hadithi yenyewe ilitoka kwenye riwaya ya Peter George isiyo na mzaha wowote, na Kubrick alikusudia kuifanya hivyohivyo. Tatizo ni kwamba kila alipokaa kuandika, alijikuta akiyatupa mambo ya kweli kabisa kwa sababu yangewachekesha watazamaji. Mwishowe aliamua kuyaacha yachekeshe, akamwita mwandishi Terry Southern amsaidie kuyanoa.

Ugumu wa kutengeneza filamu ya aina hii uko hapo. Mambo yakiwa ya kipuuzi, mazingira yake lazima yaaminike. Upigaji picha ulifanyika katika studio za Shepperton, karibu na London. Jeshi la anga la Marekani halikutoa msaada, kwa hiyo mafundi walijenga chumba cha marubani wa B-52, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, kwa kuangalia picha zilizokwisha kuchapishwa. Ken Adam alibuni ukumbi wa kuendeshea vita wenye meza kubwa ya duara, ikafunikwa kitambaa cha kijani kama meza ya kamari. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, hivyo kijani hicho hakuna mtazamaji aliyekiona. Waigizaji ndio waliotakiwa kujihisi wanacheza kamari.

Peter Sellers aliigiza wahusika watatu, akiwemo rais, na karibu wote anawacheza kwa utulivu wa mtu aliye kazini. George C. Scott, aliyeigiza jenerali mwingine, alibembelezwa azidishe madoido kwa maelezo kwamba yalikuwa mazoezi tu. Kubrick akayatumia hayohayo, na Scott hakufurahi. Upande wa pili, kulikuwa na tukio zima la viongozi kurushiana keki usoni. Lilipigwa picha, kisha Kubrick akalikata. Naona alikata vyema, maana kiongozi aliyepakwa krimu huchekesha hata kama hana bomu.

Kejeli ina mpaka wake, na mara nyingi tukio la kweli ndilo huuchora. Charlie Chaplin, aliyemdhihaki Hitler mwaka 1940 katika The Great Dictator, aliandika baadaye kwamba kama angejua yaliyokuwa yakitendeka katika kambi za mateso, asingeweza kuitengeneza. Kubrick naye alipanga kuwaonyesha wahakiki filamu yake tarehe 22 Novemba 1963, siku ambayo Rais Kennedy aliuawa Dallas. Onyesho lilifutwa, filamu ikasogezwa hadi Januari. Tena mhusika mmoja alikuwa ametaja Dallas kwa utani kama mahali pazuri pa kustarehe mwishoni mwa wiki. Sauti yake ikarekodiwa upya, aseme Vegas.