Kuwaandikia mashujaa: tarumbeta, pumzi na baridi ya Julai

Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ikikaribia, vikundi vya tarumbeta hapa Tabora huchukua tenzi ya msibani na kuipiga taratibu. Si vibaya. Lakini mkitaka kipande chenu wenyewe, anzeni na pumzi za wapigaji kabla ya kutafuta wimbo.

Mwendo wa maombolezo wa kijeshi ni mapigo 60 hadi 65 kwa dakika. Kwa mapigo 60, bari nne za mapigo manne manne zinachukua sekunde 16. Mpiga tuba, chombo kikubwa cha shaba cha besi, hawezi kushika sauti nzito muda wote huo. Tuba inameza hewa nyingi, na vikundi vingi vina moja tu, kwa hiyo hana wa kupokezana naye. Mwandikie pumziko la pigo moja kila baada ya bari mbili, baritoni, chombo kidogo kuliko tuba, ishike besi kwa pigo hilo. Usipoliandika, atalichukua mwenyewe, na mara nyingi ni pale pale ulipotaka uzito.

Do iwe B♭. Tarumbeta huitoa bila kubonyeza vali, na buruji ya kawaida ya jeshi iko hapo hapo. Buruji haina vali kabisa: Last Post, mwito wa jeshi la Uingereza unaopigwa kuwaaga askari, una do, mi na so tu. Ndiyo maana waandishi wanaokimbilia maina, ngazi ya sauti inayosikika ya huzuni, kila wakigusa msiba hawanishawishi. Mwito ule ni meja tupu, ngazi inayosikika ya furaha, na watu wanalia.

Tarumbeta ya kwanza isivuke so ya juu, nayo iiguse mara moja. Midomo iliyotoka kwenye maandamano haina nguvu ya zaidi.

Msiwasahau wapagazi. Jeshi la Wabelgiji liliiteka Tabora 19 Septemba 1916, na katika Vita ile ya Kwanza ya Dunia wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na uchovu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakisafiri huku wakiimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mpeni baritoni mstari wa kuanzisha, troboni na alto ziitikie kwa chini. Ngoma kubwa ivikwe kitambaa cheusi, ngoma ndogo ilegezwe nyuzi za chini isichakarike.

Sehemu ngumu kuliko zote ni dakika ya ukimya. Tabora iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai zina baridi. Vyombo vilivyopimwa sauti vikiwa na joto vinapoa mikononi, sauti inashuka. Shaba haina lawama. Ni hewa iliyo ndani ya bomba, maana katika hewa baridi sauti husafiri polepole zaidi. Tarumbeta hupata joto tena kwa pumzi chache, tuba huchelewa. Mkianza wote pamoja, besi iko chini, tarumbeta ziko juu, na uwanja mzima unasikia.

Mwageni maji ya vyombo kabla ya ukimya. Kuanzia sekunde ya 40, kiongozi ainue kidole, kila mmoja apulize hewa ya uvuguvugu ndani ya chombo bila kukiliza. Kisha baritoni na troboni zianze na do moja, kwa sauti ndogo, bari mbili. Tuba iingie bari ya tatu, tarumbeta bari ya tano.