Kwa nini filamu za magendo zilikuwa na MB 700?

Aliyewahi kunakili filamu kwenye kompyuta ya rafiki miaka ya 2000 anaikumbuka ile folda: MB 699, MB 700, MB 701. Filamu ya dakika 90 na ya dakika 115 zilikuwa na uzito uleule. Kipimo kilikuwa CD tupu ya dakika 80, ambayo haibebi zaidi ya MB 703 za data.

Mwaka 1999 Jon Lech Johansen wa Norway na wenzake walitoa DeCSS, programu iliyofungua kufuli la DVD. Lakini DVD ni GB 4 hadi 8, na modemu ya 56K (intaneti ya laini ya simu) ilihitaji saa 40 hivi kushusha hata MB 700. Kilichookoa jahazi ni DivX ;-) (uso wa kukonyeza ni sehemu ya jina), kodeki, yaani programu ya kubana video, ya MPEG-4 ya Microsoft iliyochokonolewa na Mfaransa Jérôme Rota.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. MB 700, kila MB ikiwa baiti 1,048,576, ni biti bilioni 5.87. Gawa kwa sekunde 6,000 za filamu ya dakika 100, unapata kilobiti 979 kwa sekunde. Toa 128 za sauti ya MP3. Picha inabakiwa na 850. Filamu ya saa mbili inabakiwa na 687 tu, na hapo matukio ya gizani, moshi na mvua huanza kuvunjika vijiraba. Ndiyo maana filamu ilipitishwa kwenye kodeki mara mbili: kwanza programu ipime wapi pagumu, kisha igawe biti, maandishi ya mwisho yakipunjwa bila huruma. Ndefu zaidi zilipewa CD mbili.

Vikundi vya siri vilivyosambaza filamu hizi havikutuma faili zima. Waliligawa kwa RAR, programu ya kufunga na kukata faili, vipande 49 vya baiti 15,000,000, pamoja na kijifaili cha SFV chenye namba ya ukaguzi ya kila kipande. Kipande kikiharibika njiani, kinatumwa hicho peke yake. Kikikosekana, filamu haifunguki vizuri.

Kero nyingine ilikuwa AVI yenyewe, aina ya faili iliyobeba filamu hizi: faharasa yake, orodha ya mahali kila picha ilipo, hukaa mwisho wa faili. Ukishusha asilimia 95 mtandao ukakatika, filamu itacheza, ila ukijaribu kuruka mbele inagoma mpaka programu iijenge faharasa upya.