Je, wajua kwa nini St. Louis ilimwacha Albert Pujols aondoke?

Oktoba 2011, katika mechi moja ya fainali ya besiboli Marekani, Albert Pujols alipiga mpira ukavuka uzio wa uwanja mara tatu, mpigo wenye thamani kuliko yote. Siku chache baadaye timu yake, St. Louis Cardinals, ikatwaa ubingwa. Haikupita miezi miwili akawa amesaini Los Angeles Angels kwa miaka 10 na dola milioni 240. Cardinals walitaka abaki, ila hawakukubali kufika bei hiyo. Huyu alikuwa amewachezea misimu 11, akawavushia uzio mipira 445 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tatu. Mtu kama huyo unamwachaje?

Tuanze na kazi yenyewe. Mrushaji husimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia ndani ya takriban sekunde 0.4. Hapo ndipo mpigaji auone, atambue kama unanyooka au utapinda, aamue, kisha azungushe gongo. Umri hauanzi kumla misuli. Wapigaji wengi wa miaka 35 bado wana nguvu tele. Unaanza kumla muda. Akishaona anachelewa, anajizoeza kuanza kuzungusha gongo mapema kidogo, na warushaji hawakawii kuligundua hilo: wanamtupia mpira wa polepole unaopinda, naye anapiga hewa. Miguu nayo inakuwa mizito, kwa hiyo mpira wa chini ambao zamani ungempa muda wa kukimbia hadi kituo cha kwanza sasa unafika kabla yake, naye anatolewa.

Wapigaji wengi hufikia kilele kati ya miaka 26 na 29. Pujols alikuwa anakaribia 32, na mkataba wa Angels ungemfikisha 41.

Sasa kwa nini timu itoe fedha nyingi hivyo kwa miaka ya kushuka? Hapa kanuni za ligi zina mkono. Mchezaji hawi huru kutafuta timu nyingine kwa hiari yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Mwaka 2001 Pujols alivusha mipira 37 na kutajwa mchezaji bora kati ya wanaoanza ligi, huku akilipwa kima cha chini, dola 200,000. Baadaye alipata mkataba mnono zaidi, lakini mimi sikubali kabisa anayemwita mlafi kwa kudai milioni 240. Jasho la ujanani alilitoa kwa bei ya chini. Tatizo ni kwamba waliolifaidi walikuwa St. Louis, na aliyeombwa kulilipia alikuwa mwajiri mpya.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo mashabiki waliomlilia hawakulipa uzito wa kutosha. Ligi kuu ina matawi mawili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani. Cardinals wako katika Ligi ya Taifa, na wakati ule ligi hiyo haikuruhusu mtu wa kupiga tu; kila aliyepangwa kupiga ilibidi pia asimame uwanjani kulinda. Angels, walio katika Ligi ya Marekani, waliweza kumpumzisha Pujols miguu na bado akapiga. Mzigo uleule ulikuwa mzito zaidi St. Louis.

Yaliyofuata yanafundisha. Cardinals walimsajili Carlos Beltrán, ambaye kwa umri alimzidi Pujols karibu miaka mitatu, lakini kwa miaka 2 tu na dola milioni 26. Mwaka 2012 Beltrán alivusha mipira 32. Kwa kumpoteza Pujols walipewa pia nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi, wakamchukua mrushaji Michael Wacha, ambaye mwaka 2013 aliwasaidia kufika fainali tena.

Na Angels? Pujols hakuwa bure kwao: aliwapa mipira 222 nje ya uzio. Ila St. Louis alikuwa akipata mpigo salama, yaani unaomfikisha kituoni bila kutolewa, karibu mara 33 katika kila 100, na Angels akashuka hadi kama 26. Mwaka 2013 jeraha la unyayo lilimkatizia msimu. Katika miaka yake yote pale timu iliingia mchujo wa ubingwa mara moja tu, 2014, ikatolewa bila kushinda hata mechi moja. Mei 2021 wakaachana naye kabla mkataba haujaisha.

Mwaka 2022, akiwa na miaka 42, Cardinals walimrudisha kwa msimu mmoja na dola milioni 2.5. Kufikia hapo Ligi ya Taifa nayo ilikuwa imeruhusu mpigaji asiyelinda, na kocha alimpanga zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, anaowaweza. Alivusha mipira 24, akawa mtu wa nne katika historia ya ligi kufikisha 700, na akastaafu akiwa na 703.