Unyevu wa ukutani ni nini, na kwa nini rangi mpya haiumalizi

Unyevu wa ukutani ni maji yanayokusanyika ndani ya ukuta au usoni mwake kwa kasi kuliko ukuta unavyoweza kukauka. Tofali, saruji na lipu vyote vina vitundu vidogo mno, kwa hiyo hakuna ukuta usio na maji kabisa. Shida huanza pale yanayoingia yanapozidi yanayotoka: doa linajichora, rangi inavimba na kubanduka, lipu inalegea, chumba kinanuka uvundo.

Doa ni dalili tu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ukuta unakwanguliwa, unapigwa puti, unapakwa rangi nzuri, kisha mvua ikirudi doa liko palepale. Swali la kwanza liwe moja: maji haya yanatoka wapi? Doa lenyewe hujibu, ukiangalia liko wapi, lina umbo gani na linakua lini.

Doa likianzia chini kabisa, likaenea kwa usawa na kuishia kwenye mstari wa kahawia au unga mweupe, shuku maji ya ardhini. Hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi, ingawa ni nadra kuvuka mita moja hivi. Ndiyo maana wajenzi huweka kati ya msingi na ukuta tabaka lisilopitisha maji, ambalo mafundi wengi huliita DPC. Lakini usikimbilie kusema tabaka hilo limeoza. Toka nje kwanza. Linatakiwa kuwa angalau milimita 150 juu ya ardhi, na mara nyingi utakuta udongo wa bustani au sakafu ya nje imeinuliwa hadi kulifunika, au lipu ya nje imeshuka hadi kugusa ardhi na kuyapa maji daraja la kupita. Kuondoa udongo huo kunaweza kuwa tiba yenyewe. Pale ambapo tabaka halipo au limepasuka kweli, fundi hutoboa mashimo kwenye mstari wa chini na kujaza dawa ya kuzuia maji, au hukata ukuta kidogo kidogo na kuingiza tabaka jipya.

Ule unga mweupe ni chumvi zilizoletwa na maji. Yanapokauka, chumvi hubaki, na fuwele zake zikikua ndani ya lipu huisukuma hadi imeguke. Baya zaidi, baadhi ya chumvi, hasa nitreti na kloridi, hunyonya unyevu kutoka hewani. Unaweza kuwa umeshaziba njia ya maji, na bado siku yenye unyevunyevu ukuta ukalowa tena. Kwa sababu hiyo lipu iliyojaa chumvi hubomolewa hadi sentimita 30 hivi juu ya mstari doa linapoishia. Chumvi hizo pia hudanganya kipimo cha umeme cha unyevu, kwa hiyo namba kubwa peke yake si ushahidi.

Doa lililo juu au katikati, lisilo na umbo maalumu, linalokua mvua ikinyesha na kufifia jua likiwaka, linatokana na maji yanayopenya kutoka nje. Kagua paa, gata, nyufa na kingo za madirisha. Maji husafiri, kwa hiyo tundu laweza kuwa mbali na doa.

Lisilojali mvua wala jua huenda ni bomba. Funga koki zote za kutolea maji, soma mita ya maji, irudie baada ya saa moja bila mtu kutumia maji. Ikisogea, kuna uvujaji. Bomba la maji machafu halipiti kwenye mita. Hilo utalibaini kwa kuangalia doa kabla na baada ya kuoga.

Kisha kuna mvuke, ambao watu wengi huusahau. Kupika, kuoga, kuanika nguo ndani, hata kupumua usiku kucha, vyote hutoa mvuke unaogeuka maji ukigusa ukuta wa baridi. Dalili zake ni ukungu mweusi pembeni mwa chumba na nyuma ya makabati, bila mstari wa chumvi. Kuhakikisha, kausha sehemu ndogo, bandika kipande cha foili na uzibe kingo zote kwa utepe. Baada ya siku moja au mbili, matone yakiwa juu ya foili ni mvuke wa chumbani. Yakiwa nyuma yake, maji yanatoka ukutani. Dawa ya mvuke ni hewa: fungua madirisha, weka feni ya kutoa hewa jikoni na bafuni, sogeza makabati mbali na ukuta. Ukungu usafishe ukiwa na glavu na barakoa, wala usichanganye dawa ya klorini na kisafishaji kingine.

Ukishaziba chanzo, subiri. Makadirio ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa milimita 150 waweza kuhitaji nusu mwaka. Usipake rangi ya mafuta wala ya kuzuia maji upande wa ndani, kwa sababu huyafungia maji ukutani na kuyasukuma yatokee juu zaidi. Chokaa, au rangi nyingine inayopitisha mvuke, huuacha ukuta uendelee kukauka.