Ukihamia Mirihi, mwache ng'ombe Njoro

Kila picha ya makazi ya sayari ya Mirihi inapozunguka kwenye simu za wafugaji wa huku Njoro, hakosi mtu wa kunitumia na kuniuliza: sasa mifugo watakaa wapi? Mimi ni mtaalamu wa lishe ya mifugo. Kazi yangu ni kukaa na mfugaji, awe wa Molo, Bahati au Rongai, tukapiga hesabu ya kinachoingia tumboni mwa mnyama na kinachotoka. Kwa hiyo swali lao silichukulii kama mzaha. Watu wanaohamia mahali kwa miaka watataka maziwa, mayai na kitoweo. Ila mnyama ni tumbo kabla hajawa nyama, na kule tumbo lake litagombania na lako kila kilo ya chakula, kila lita ya maji na kila pumzi ya oksijeni.

Tuanze na yule anayeulizwa zaidi. Friesian wa kilo 400 anayekamuliwa hula takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani ukishatoa maji yote yaliyo ndani ya nepia na silaji. Hunywa lita 60 na zaidi. Safari ya Mirihi ni kama miezi saba kwa upande mmoja, kwa hiyo ng'ombe mmoja anadai tani mbili na nusu za lishe hata kabla hajatua. Maji yanaweza kurudishwa: mwaka 2023 Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia kiwango cha kusafisha na kutumia tena asilimia 98 ya maji yake, jasho na mkojo wa wanaanga vikiwemo. Nyasi hazina ujanja huo.

Na hata ukimpakilia lishe yote hiyo, sioni angefika vipi akiwa hai. Ndani ya tumbo la kwanza la ng'ombe vitu hujipanga kwa uzito: uji chini, nyasi zinazoelea katikati, gesi juu. Vijidudu vya humo vinachachua mchana na usiku. Methani peke yake hufika lita 250 hadi 500 kwa siku. Gesi hiyo hutoka kwa mdomo, kwa kubeua, na mwili wa ng'ombe huruhusu kubeua pale tu mlango wa umio unapozungukwa na gesi. Ukifunikwa na majimaji, haufunguki. Ndiyo maana ng'ombe aliyeteleza mtaroni akalala chali hufura na kufa upesi, na wafugaji huacha kila kitu wakakimbia kumgeuza. Katika chombo kinachoelea hakuna juu wala chini. Gesi na uji vitachanganyika viwe povu, kama lile la ng'ombe aliyeingia shamba la lusini mbichi alfajiri. Wanaanga wenyewe wakibeua, chakula hupanda pamoja na hewa. Kwao ni kero tu. Kwa mnyama anayecheua ni mauti, isipokuwa chombo kiwe kinazunguka ili kutengeneza uvutano wa bandia, na hadi leo hakuna chombo kinachobeba watu kwa mtindo huo safari ndefu.

Wapo waliojaribu kuishi na mifugo ndani ya boma lililofungwa kabisa, tena hapa hapa Duniani. Mwezi Septemba 1991 watu wanane walifungiwa katika jengo la vioo la Biosphere 2, Arizona, Marekani, wakakaa miaka miwili. Walikuwa na mbuzi wadogo wa Kiafrika, kuku, nguruwe wa umbo dogo na tilapia kwenye vidimbwi vya mpunga. Kwa macho ya lishe, jaribio lile lina mafunzo mengi kuliko maelfu ya michoro. Mbuzi walifanya vizuri, kwa sababu walikula majani na mabua ambayo binadamu hawezi kuyala, wakayageuza maziwa. Nguruwe walichinjwa wote, maana chakula chao kilikuwa kile kile cha watu, na watu wenyewe walikuwa wanakonda. Kuku walitaga kidogo. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14.5, vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi vikiila na saruji ya jengo ikinyonya kaboni dayoksaidi, hadi ikabidi oksijeni ipulizwe kutoka nje. Mirihi hakuna nje ya kupuliza.

Tangu nisome habari zile, swali langu la kwanza kwa mnyama yeyote anayependekezwa ni hili: anakula nini ambacho mimi siwezi kula? Nguruwe na kuku wa kisasa wa nyama hushindwa hapo hapo, maana wote wanalishwa mahindi na soya. Huku Nakuru tunajua bei ya mahindi inavyowavuruga wafugaji wa kuku.

Chakula cha binadamu chenyewe, kwa safari za mwanzo, kitakuwa cha kubeba. Mwanaanga hutumia takriban kilo 1.8 za chakula kwa siku, vifungashio vikiwemo. Watu wanne, safari ya kwenda, kusubiri sayari zipangike na kurudi, karibu miaka mitatu: ni kama tani nane, Canter mbili zilizojaa hadi juu. Uzito huo unabebeka. Kinachosumbua ni muda. Wataalamu wa NASA wanataka chakula kinachodumu miaka mitano, na vitamini C na B1 hupungua sana kikikaa muda mrefu hivyo hata pakiti ikiwa haijaguswa. Watu wa Kisumu huniuliza kuhusu omena, na ni swali zuri: omena iliyokaushwa vizuri ina protini nyingi, ni nyepesi, na unaila nzima na kalsiamu ya mifupa yake. Tatizo lake ni mafuta. Yale mafuta mazuri ya samaki ndiyo ya kwanza kuharibika yakikutana na oksijeni, kwa hiyo ingebidi ifungwe bila hewa kabisa. (Na ichunguzwe mchanga. Omena ya kutengenezea chakula cha mifugo inayofika mezani kwangu wakati mwingine ina mchanga wa kutosha kujengea.)

Ili vitamini irudi, lazima kiwepo kitu kibichi. Agosti 2015 wanaanga walikula letasi nyekundu iliyopandwa ndani ya kituo chao. Kabla yao, Wasovieti walikuwa wamejenga BIOS-3 kule Krasnoyarsk, Siberia, mwaka 1972, wakapanda ngano na mboga ndani ya nyumba iliyofungwa, na kwa ajili ya mafuta wakapanda ndago, ile aina yenye viazi vidogo vinavyolika. Waambie hivyo wakulima wa vitunguu huku kwetu, wanaoing'oa kama gugu, uone watakavyokutazama.

Palipo na mimea pana mabua, mizizi na maganda, na hapo ndipo mifugo inaanza kuwa na maana. Wachina waliliona hilo. Mwaka 2014, katika maabara ya Yuegong-1 ya Chuo Kikuu cha Beihang, Beijing, watu watatu waliishi siku 105 ndani ya makazi yaliyofungwa, wakafuga viwavi vya mende wa unga kwa mabaki ya mimea na kuwala kama protini. Huku kwetu tungefikiria kwanza funza wa inzi mweusi askari, ambao siku hizi wanafugwa kwa taka za masoko Kisumu na kulishwa kuku na samaki. Kwa ardhini sina ubishi, funza hao ni lishe nzuri sana. Lakini inzi huyo hupandana kwa kuruka, na anahitaji mwanga wa kutosha. Mende wa unga hutambaa tu, hula pumba kavu, na hana haja ya kupaa. Kwa safari, nachagua mende.

Sasa kuna swali la pili, na hapa ndipo mambo yanageuka kichwa chini: mnyama huyu anasafirishika? Ng'ombe, tuliyemkataa hapo juu, ndiye rahisi kuliko wote kupakia. Mbegu zake hukaa kwenye mirija midogo ndani ya mtungi wa naitrojeni wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi mmoja unaobebwa kwa pikipiki una madume ya kutosha tarafa nzima. Viinitete vyake pia hugandishwa. Mionzi nayo huenda isitishe kama tulivyodhani: Teruhiko Wakayama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yamanashi, Japani, walihifadhi mbegu za panya zilizokaushwa kwa baridi katika kituo cha anga kwa karibu miaka sita, na mwaka 2021 wakaripoti kwamba zilizaa panya wazima.

Lakini mrija hauna tumbo la uzazi. Hauna dang'a ya kumpa ndama kinga, maana ndama huzaliwa bila kinga ya mama mwilini na lazima anyonye saa za mwanzo. Hauna pia vijidudu vya tumbo la kwanza, ambavyo ndama huviokota kwa kulambwa na kukaa karibu na wakubwa. Ndama wa kwanza wa Mirihi angekuwa na tumbo la kucheulia lisilojua kazi yake.

Kuku ni kinyume kabisa. Kifaranga hahitaji mama, siku 21 tu na joto. Lakini yai lenye mbegu likipita wiki moja huanza kupoteza uwezo wa kuanguliwa, na likifika mwezi huna kitu. Huwezi kuligandisha, kwa sababu ya kiini kikubwa kilicho ndani. Maana yake kuku lazima wazaliane njiani. Machi 1989 chombo cha Discovery kilibeba mayai 32 ya kuku, jaribio la mwanafunzi John Vellinger lililofadhiliwa na KFC. Yale yaliyokuwa na siku tisa za kuatamiwa yaliendelea vizuri. Yale ya siku mbili hayakusalimika hata moja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kiini ni chepesi kuliko ute, hivyo ardhini huelea na kumsogeza kijusi karibu na ganda apate hewa. Bila uvutano, kiini hubaki katikati. Mwaka uliofuata, 1990, vifaranga vya kware viliangulika ndani ya kituo cha Mir, lakini havikuweza kujishika mahali wala kujilisha vizuri. Waliopoteza pesa kwenye kware hapa Kenya mwaka 2014 watasema hilo halikuwashangaza.

Samaki ndiye anayenipa matumaini. Tayari anaelea. Mwaka 1994 samaki wadogo wanne aina ya medaka walipandana ndani ya chombo cha anga cha Columbia, wakataga mayai 43, na manane yakaanguliwa huko huko. Tilapia hula mwani na mabaki, huhitaji takriban kilo moja na nusu ya lishe kuongeza kilo moja, na jike hulea mayai kinywani. Maji yake ni mazito, kweli, mita moja ya ujazo ni tani moja, lakini maji hayo utayabeba kwa vyovyote: unayanywa, na yakizungushwa kuta ni kinga dhidi ya mionzi.

Mtu wa Dunga, kule Kisumu, atauliza kuhusu kamongo. Nakiri nimemwaza sana. Samaki anayepumua kwa mapafu, anayeweza kujifunika ute uliokauka ndani ya tope na kulala miezi mingi bila kula, akijilisha misuli yake mwenyewe! Angelala safari nzima. Shida ni akiamka: anataka konokono na samaki wenzake, kwa hiyo anarudi kwenye kundi la nguruwe.

Tukishatua, lipo jambo la udongo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua kwamba udongo wa Mirihi una pakloreti, chumvi inayozuia tezi ya shingo kuchukua madini ya joto. Mimea huinyonya, na mnyama akila majani hayo huitoa kwenye maziwa. Ni hadithi ile ile ya sumu ya kuvu ya mahindi yetu, ambayo nayo huishia kwenye maziwa.

Wafugaji wakinibana sana, huwa nakubali mbuzi, tena kwa sharti la chombo kinachozunguka. Majike wawili wadogo wa kilo 30, waende na vijidudu vyao na dang'a yao, na mtungi wa mbegu za madume mengi ili kizazi kisigongane. Kila mmoja atakula kama kilo moja ya lishe kavu kwa siku, kilo 420 kwa wawili hadi kutua. Mtu mmoja kwa miezi hiyo saba hutumia kilo 378. Yaani mbuzi wawili wamekalia kiti cha abiria mmoja na ziada, na kwa safari ya kwanza mimi ningempa kiti hicho fundi wa pampu za maji.